Daftari la Mtu wa Kwanza

Nyinyi mnaoanza kazi za ofisini mwaka huu, na vitambulisho vinaning'inia shingoni, subalkheri. Mimi ni Athmani, na kwa miaka thelathini na nne nilikuwa karani wa masijala ya wafanyakazi katika kampuni moja ya kupakua mizigo kule Kilindini. Jina la kampuni nalihifadhi, maana bado yalisha watu wetu. Masijala, kwa asiyejua, ni chumba kinachowekwa faili za watu. Chetu kilikuwa na madirisha mawili, makabati kumi na moja ya bati, na feni iliyokuwa ikipiga kelele kuliko inavyopuliza. Mle ndimo ulimoishia ujana wangu, na wallahi nikipita upande ule mpaka leo pua yangu huitafuta ile harufu ya karafuu na karatasi kuukuu.

Karafuu, ndio. Chekeni tu. Pwani hii karatasi hulowa bila kuguswa na tone la maji, zikaota ukungu, na baada ya ukungu waja wadudu. Aliyenifunza dawa yake ni Bwana Lobo, Mgoa mmoja, karani mkuu wangu wa kwanza. Kila droo ilitiwa kijifuko cha karafuu, na mvua zikikatika tulizipandisha faili juu ya paa, tukazianika kama ng'onda, samaki wa kukausha. Nilikuwa nikikaa pale juu na fimbo kuzilinda na kunguru, nikitazama mapaa ya Mji wa Kale na kuona mimi ni mtu mkubwa sana duniani. Nazipenda siku zile, hata haya sioni kusema.

Bwana Lobo alivaa tai joto liwe la namna gani, na hakuwahi hata siku moja kutamka lililomo ndani ya faili ya mtu. Mwezi wangu wa pili kazini nilikutana ngazini na kijana mmoja, nikamtania kuwa shemeji yake, mfanyakazi mwenzetu, anaumwa ugonjwa wa aibu. Jambo hilo nililisoma kwenye faili, ulimi ukaniwasha. Bwana Lobo alikuwa juu yetu ngazini. Hakunifokea. Alinipa karatasi, akaniambia niandike maradhi yangu yote tangu utoto, na mitihani niliyofeli, na sababu ya baba yangu kuhama Bondeni. Nilipomaliza akaichukua, akaiweka juu ya kaunta wanapopita makuli wote, akaenda zake kula. Nilistahimili labda dakika tano, kisha nikainyakua nikaitia mfukoni. Aliporudi akaniuliza, "Kwani vipi? Si karatasi tu?"

Basi nilijifunza. Nilijifunza pia kwamba Mombasa majina hayatoshi. Tulikuwa na Ali Mohamed tisa, na siku moja barua ya onyo la ulevi ya Ali Mohamed mmoja nikampa mwingine ambaye ndiye aliyekuwa akiwasalisha wenzake adhuhuri. Alikuja dirishani na barua mkononi, mpole kama kawaida yake, akasema, "Athmani, nimelewa nini?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo kila faili niliiandika jina la mama na mtaa juu ya jalada, na nyinyi pia fanyeni hivyo hata kama kompyuta yenu yasema nambari yatosha.

Sasa nije kwenye lile daftari, maana ndilo lililoniita nikaandika.

Tulikuwa na kuli akiitwa Charo, mtu wa miraba minne, mchekaji. Asubuhi moja kamba ya meli ilikatika ikampiga, akafa palepale gatini. Nikafungua faili yake nitafute jamaa wa kuambiwa. Palikuwa pameandikwa "kaka, Mazeras", na huyo kaka alikuwa amekufa miaka mingi nyuma. Charo alilala chumba cha maiti siku tatu. Mama yake alikuja kuambiwa na muuza nyanya aliyezisikia habari hizo barabarani. Nilikwenda kwenye mazishi, nikapeana mikono na yule mama, akanitazama sana. "Mwanangu amewafanyia kazi miaka kumi na miwili," akasema. "Hamkumjua?"

Nilirudi nikanunua daftari la jalada jeusi, na kila asubuhi wakati wa chai nikawa namwita mtu mmoja pembeni. Namuuliza: ukipatwa na jambo, nani aambiwe kwanza? Aambiweje? Uzikwe wapi? Mwanzo walinikimbia, wakiniita Athmani Izraili. Lakini polepole wakaanza kunijia wenyewe. Mmoja akaniambia mke wake aambiwe akiwa ameketi, na mtoto achukuliwe kwanza na jirani. Mwengine akanong'ona kuwa ana mke wa pili hapo Bondeni ambaye wa kwanza hamjui, na kwamba naye ana haki ya kuaga maiti. Shee, aliyeendesha winchi na ambaye ni rafiki yangu tangu madrasa, akasema hivi: "Mama yangu ana presha. Usimpigie simu kabisa. Mwambie kwanza jirani yetu, Bi Fatuma, yeye atajua pa kuanzia." Nikaandika yote kwa mkono wangu, na nambari za simu walizonipa. Haki ya Mungu hapakuwa na kitu nilichokionea fahari kuliko daftari lile, na wafiwa wengi walizika kwa heshima kwa sababu yake.

Miaka ikapita. Simu za kutelezesha kidole zikaja, na kamati ya maziko tuliyokuwa nayo pale kazini, ya kuzikana, ikawa grupu ya simu. Siku moja nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, katibu wa kamati anipigia: fulani amefiwa, nyumba ni ipi? Siwezi kujibu, mdomo umejaa vyuma. Watu wakaenda na turubai nyumba nyingine kabisa, wakawatia hofu watu waliokuwa wazima. Kesho yake, mimi na akili zangu, nikalifungua daftari, nikalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikazirusha zote kwenye grupu. Nikaandika chini yake: "Bismillahi. Hifadhini." Nilijiona kijana, nikamwonyesha mpaka mke wangu.

Hapo ndipo aingia Kadzo. Huyu alikuwa binti wa Kaloleni, mkimya, msomi, aliyeletwa kusimamia mitambo ya taarifa za wafanyakazi. Faili zangu zote akazitia kwenye kompyuta, na mimi nikamchukia kwa hilo, nisiwadanganye. Nilikuwa nikimwambia kila siku, "Karatasi haivuji, mwanangu. Hiyo mashine yako ndiyo ina matundu." Yeye hucheka tu. Alipoingizwa kwenye grupu ya maziko, kama kila mfanyakazi, alinijia masijala siku ya pili.

"Mzee Athmani, huyu kwenye grupu ni nani? Simjui."

"Mwenye kukodisha viti na turubai."

"Na huyu?"

"Huyo aliachishwa kazi mwaka juzi."

"Sasa mbona bado yumo?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu huachishwa kazi. Haachishwi maziko."

Na hivyo ndivyo tulivyo, mwajua wenyewe. Ukimtoa mtu kwenye grupu ya maziko umemwambia kuwa hutamzika, na hilo ni tusi lisilofutika. Kwa hivyo grupu yetu ilikuwa ikiongezeka tu: walioacha, waliofukuzwa, madereva wa kukodi, hata wengine waliokwishauza simu zao. Kadzo akaniomba basi nizifute zile picha, na daftari tulifungie. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia watu si mawe kwenye mchele, hawachambuliwi, na kwamba akanifunze kazi siku atakayoota mvi. Akaondoka zake.

Haukupita muda mrefu, asubuhi ya Jumanne, mtandaoni pakatoka tangazo kwamba taarifa za wafanyakazi wa kampuni yetu zauzwa. Wauzaji waliweka majina machache tu na nambari za simu, kuonjesha. Kampuni ikatoa taarifa ya "madai ambayo yanachunguzwa". Wakaletwa mafundi kutoka Nairobi, wakaingia chumba cha mitambo wakajifungia. Na wiki hiyohiyo simu zikaanza. Matapeli walikuwa wakiwapigia mama zetu na wake zetu: mtoto wako ameangukiwa na kontena, yuko mahututi, tuma kitu cha hospitali upesi.

Mama yake Shee, Bi Rukia, alipigiwa asubuhi akiwa peke yake. Alitoka mbio kumtafuta Bi Fatuma, akaanguka kwenye zile ngazi za nyumba yao ya Kibokoni, akavunjika paja.

Mafundi wa Nairobi hawakuona mlango uliovunjwa kwenye mitambo. Meneja wetu akasema, kama mlango haukuvunjwa, basi umefunguliwa na mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni mmoja. Kadzo akapewa barua ya kukaa nyumbani. Ile siku anatoka na mkoba wake, watu walipita wakitema mate. Na mimi, wanangu, mimi nilisimama kwenye kantini, kikombe mkononi, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Niliwaambia! Nilisema ile mashine ina matundu! Haya, leo mwaona ni nani aliyeyatoboa!" Watu wakaitikia. Kadzo alikuwa mlangoni, alinisikia. Alinitazama mara moja tu, akaenda zake. Jambo hilo nalijutia kuliko yote niliyopata kutenda chini ya jua.

Siku ya pili nikaenda kumjulia hali Bi Rukia. Nilimkuta amelazwa sebuleni, mguu umefungwa, Bi Fatuma ampepea. Nikampa pole, nikaketi.

"Mwanangu Athmani," akaniambia, "yule mtu alikuwa na adabu. Ndiyo maana nilimwamini."

"Adabu gani, mama?"

"Alisema, 'Mama, najua una presha na nimeambiwa nisikupigie simu, nimwambie kwanza Bi Fatuma. Lakini hali ya Shee ni mbaya, sina budi.' Nikasema huyu ni mtu wa kazini kwao kweli. Nani mwengine angejua?"

Mitambo ya Kadzo ilikuwa na jina, nambari, mshahara, daktari. Haikuwa na Bi Fatuma. Maneno yale yalikuwa mahali pamoja tu ulimwenguni, kwenye ukurasa wa kumi na saba, kwa mwandiko wangu. Nilitoka nje nikasimama kibarazani, nikaitoa simu, nikaifungua grupu ya maziko. Picha zilikuwepo zote, safi, zasomeka. Nikahesabu majina ya watu nisiowajua, nikaacha njiani kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Mpaka leo hatujui ni nani kati yao aliyezitoa, au ni nani aliyeinunua simu ya nani. Lakini aliyeufungua mlango namjua, na alikuwa amevaa kofia yangu.

Sikusubiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Alisikiliza akigonga meza kwa kalamu. Nilipomaliza akasema, "Mzee, sikusikia ulichosema."

"Nirudie?"

"La, usirudie. Wenye kampuni nishawaambia ni mambo ya mitambo. Nikirudi leo niwaambie ni daftari la mzee wa masijala, tutaonekana watu wa aina gani? Wewe umebakisha miezi minane ustaafu kwa heshima yako. Yule msichana ni mdogo, atapata kazi kwengine." Akafungua droo akanipa barua. Ilikuwa ya kumfukuza Kadzo, imekwishatiwa saini. "Itie kwenye faili yake, tulifunge hili jambo."

Nataka mwelewe kitu cha kazi yetu hapa. Barua haijawa barua kwa kutiwa saini. Inakuwa barua siku karani wa masijala anapoitoboa, akaifunga kwa uzi ndani ya faili ya mtu, na kuipa nambari kwa wino mwekundu. Kabla ya hapo ni karatasi tu yenye maneno. Kwa hivyo kufukuzwa kwa yule binti kulikuwa mkononi mwangu, na meneja alijua, ndiyo maana alinibembeleza.

Nilirudi masijala nikaitoa faili ya Kadzo. Nyembamba, maskini, haikuwa na hata onyo moja. Picha yake ya siku ya kwanza ya kazi imebanwa pembeni, ameinua kidevu kama mtu anayeapishwa. Nisiwaongopee nikasema sikutamani. Nilitamani. Niliiweka barua chini ya mashine ya kutobolea, nikaiweka sawa kabisa, mkono juu ya kishikio. Nilijiambia: miezi minane, Athmani. Wajukuu wako wanakuita bwana mkubwa. Shee hatakupa mkono tena. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mwadhini akaadhini alasiri. Kisha nikaitoa ile barua, nikaiweka pembeni, nikachukua karatasi nyeupe na kalamu.

Kesho yake, wakati zamu zabadilishana na kantini imejaa, nilipanda juu ya benchi. Wengine wakadhani kuna msiba, wakavua kofia. Nikasoma nilichokiandika: kwamba taarifa zilizotoka ni za daftari langu, kwamba nilizirusha mimi kwenye grupu, kwamba Kadzo alinionya nikamtukana, na kwamba nilimsingizia mbele yao katika chumba hichohicho. Nikasema niwieni radhi.

Nasikia winchi kwa mbali. Kisha yule mwenye mke wa Bondeni, ambaye nyumba yake ilikuwa ikiwaka moto wa ugomvi kwa siku nne tangu siri yake itoke, akasimama. "Tulikwambia wewe, Athmani," akasema. "Hatukuuambia ulimwengu." Shee alikuwa karibu na dirisha. Aliweka kikombe chake chini, akanipita, akatoka. Ningeona afadhali anipige.

Nikarudi chumbani kwangu, nikaifungua faili yangu mwenyewe. Miaka thelathini na nne, kurasa arubaini na tatu, zote za sifa na likizo. Nikaitoboa ile karatasi niliyoisoma, nikaifunga kwa uzi, nikaiandika arubaini na nne kwa wino mwekundu. Halafu nikamrudishia meneja barua yake. "Hii," nikamwambia, "haina faili ya kuingia." Mbele ya watu wote waliokwishasikia, hakuwa na la kufanya.

Kadzo alirudishwa kabla ya wiki kwisha. Mimi nikapewa onyo kali, funguo nikanyang'anywa, na ile miezi minane nikaimalizia kwenye stoo ya sare na viatu. Adhabu ilikuwa ya haki, tena ndogo.

Lakini kabla ya stoo palikuwa na kazi, na Kadzo ndiye aliyeipanga. Nilidhani atatuma ujumbe mmoja kwa wote, mambo ya kompyuta. Akasema la. Akasema kila mtu aliyeandikwa kwenye daftari aambiwe lililotoka juu yake, lote, bila kupunguza, na kila mama aambiwe na mtu anayeonekana uso. Mamlaka ya serikali yanayolinda taarifa za watu aliyaandikia yeye. Grupu aliivunja, akaanzisha nyingine isiyo na kitu ila tangazo la kifo. Kisha akaniambia, "Nyumba wazijua wewe. Twende."

Tukazunguka siku sita. Bondeni, Kibokoni, Kuze, mpaka na ng'ambo. Mimi nabisha hodi, naamkia, nasema kosa ni langu. Yeye ndiye anaeleza la kufanya. Alikuwa akiwafunza hivi, nanyi lishikeni: simu ya msiba ikija, usijibu ndio wala la, muulize mpigaji jambo la nyumbani ambalo halijapata kuandikwa popote. Tulilaaniwa, tukanyweshwa kahawa, tukafungiwa milango. Mwanamke mmoja wa Bondeni alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kadzo akanipa kitambaa chake nijifute, bila kucheka, na tukaendelea nyumba ya pili.

Kwa Bi Rukia, Shee ndiye aliyetufungulia. Alimkaribisha Kadzo ndani. Mimi nilibaki kibarazani, nikasema nililokuja kusema kutoka pale, kupitia dirishani, na Bi Rukia akanijibu kutoka kitandani kwamba amesamehe. Shee hakusema kama naye amesamehe. Sasa twasalimiana msikitini, bega kwa bega, na tukishatoa salamu kila mmoja ashika njia yake.

Nayatamani mengi ya siku zile, wanangu. Nalitamani lile paa na kunguru wake, na chai ya saa nne, na watu kuniita pembeni waninong'oneze. Hilo la mwisho ndilo lauma, maana hakuna mtu aninong'onezaye kitu tena, na sababu naijua.

Kadzo sasa ndiye mkuu wa idara nzima. Nikikutana naye sokoni huja mwenyewe akaniamkia, akaniulizia wajukuu kwa majina yao, akanibebea kikapu mpaka kwenye tuktuk. Hajawahi kuniambia kwamba yamekwisha. Mimi nami sijawahi kumuuliza.